Mbwa wa Kulinda Mbuzi, Je, Anaweza Kuwa Mbwa wa Nyumbani?



Katika kikundi kimoja cha akina mama upande wa Laikipia, kila mwezi wanachama huchanga pesa na kumpa mmoja wao. Wengine hununua godoro, wengine tangi la maji. Zamu ya mama mmoja ilipofika, yeye alinunua mbwa. Wenzake walicheka sana. Yeye hakucheka, maana kwa mwezi mmoja tu fisi walikuwa wamekula mbuzi wake wanne.

Mbwa huyo alitoka mjini akiwa na umri wa miezi mitano. Muuzaji alisema ni wa mbegu ya Uturuki, wale mbwa wakubwa wanaolinda kondoo. Mama aliwaza hivi: usiku mbwa atalinda mbuzi, na mchana atacheza na watoto. Mbwa mmoja, kazi mbili. Ni nani asingependa hivyo?

Miezi saba ikapita. Fisi walirudi. Mbwa alibweka kwa nguvu, lakini alibweka akiwa mlangoni pa jikoni, mahali alipozoea kulala. Zizi liko upande ule mwingine wa shamba, na huko mbuzi wawili walichukuliwa. Halafu Jumapili moja mtoto wa jirani alikuja kucheza. Wakaanza mieleka na kijana wa mama huyu, mchezo tu wa watoto. Mbwa akaruka katikati yao na kumwuma mgeni mkononi.

Mbwa hakuwa na cheti cha chanjo. Hospitali ya kwanza ilisema chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha, ikabidi mtoto apelekwe mji mwingine. Nauli na dawa zilimaliza pesa nyingi kuliko bei ya mbuzi wote walioliwa. Mtoto alipona, tunashukuru, lakini zile nyumba mbili hazikusalimiana kwa muda mrefu.

Niliitwa kuwapatanisha. Tulipoketi na kusikiliza kila upande, niliona kwamba mama hakuwa mzembe, na mbwa naye hakuwa mkorofi. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyemweleza mama huyo habari za mbwa hawa kabla hajatoa pesa. Ndiyo sababu tunaziandika hapa.

MBWA HAWA NI WA NAMNA GANI?

Katika nchi nyingi zenye mbwa mwitu, dubu na wanyama wengine wakali, wafugaji wamekuwa na mbwa wa kukaa na kondoo tangu zamani sana. Uturuki kuna Kangal, mwenye mwili wa rangi ya mchanga na uso mweusi. Italia kuna Maremma, mweupe. Katika milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania, kuna mwingine mweupe mkubwa mwenye manyoya mengi. Kangal dume huweza kufika kilo 50 na zaidi, yaani uzito wa mtu mzima.

Wengi wetu tukisikia "mbwa wa mifugo" tunafikiria Jamani Shepadi, yule tunayemwita mbwa wa polisi. Hao si kitu kimoja. Jamani Shepadi alitokana na mbwa wa kuchunga: anazunguka kondoo, anawasukuma, na anangoja amri ya mwenyewe. Mbwa mlinzi hachungi. Anatembea polepole katikati ya kundi kama mmoja wao. Akiona hatari anasimama kati ya adui na kundi, anabweka, na mara nyingi adui huondoka bila vita. Hangoji amri ya mtu, kwa sababu usiku fisi akija mwenyewe amelala. Anaamua peke yake.

Tukumbuke neno hilo: anaamua peke yake. Huo ndio uzuri wake kule zizini, na ndio unaoleta taabu akiwa nyumbani. Wale watoto wawili walipokuwa wakipigana mieleka, mbwa hakuona mchezo. Aliona mtu wa nje anamshika mmoja wa kundi lake. Akaamua.

SIRI IKO KATIKA WIKI ZA KWANZA

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, wakati wa kumkunja ni mfupi mno. Kuanzia kama wiki ya 3 hadi wiki ya 12 au 14 hivi, mtoto wa mbwa hujifunza ni nani wa kwao. Anaowaona, kuwanusa na kulala nao wakati huo, hao ndio jamaa zake. Baada ya hapo mlango huanza kufungwa. Bado anaweza kujifunza, lakini kwa taabu.

Basi mtoto wa mbwa akilala na mbuzi wakati huo, mbuzi watakuwa ndugu zake. Akilala jikoni na watoto, jikoni ndiko kwao. Akifungiwa ndani ya kizimba mjini na kuona ukuta tu, atakua na woga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma upesi. Yule mbwa wa mama wetu alikuja na miezi mitano, zile wiki zikiwa zimekwisha pita. Kisha akalazwa jikoni. Angejuaje kwamba mbuzi ni wa kwao?

Damu nzuri ni msaada, lakini malezi ndiyo yanayomaliza kazi.

JE, ANAWEZA KUFANYA KAZI ZOTE MBILI?

Anaweza kwa kiasi, lakini lazima uchague kazi ya kwanza ni ipi.

Kama kazi ya kwanza ni mbuzi, mtoto wa mbwa akae zizini tangu wiki ya 8. Alale huko na ale huko. Watu wa nyumbani waende kwake kila siku kumlisha, kumshika masikio na miguu, na kumzoesha jina lake na kamba. Watoto wakienda, wawe na mtu mzima. Hivyo atawajua na kuwapenda, lakini kwake ni kwa mbuzi. Wengine hukosea upande wa pili: wanamtupa zizini bila kumshika kabisa, ati asiharibike. Huyo hukua kama mnyama wa porini. Akiugua huwezi hata kumdunga sindano.

Kama huna mbuzi na unataka tu mbwa wa nyumbani, jiulize kwanza kama aina hii inakufaa. Nyumbani familia ndiyo huwa kundi lake. Kwa watoto wa nyumba mara nyingi ni mpole na mvumilivu. Lakini fahamu haya:

1. Hubweka usiku. Ndiyo kazi yake. Kama nyumba zenu zimebanana, majirani watalalamika.

2. Huzurura. Yeye huona mpaka wake ni mbali kuliko mpaka wa shamba lako. Bila ua imara utamkuta kwa jirani, tena kati ya kuku wa jirani.

3. Hukua polepole. Akiwa na mwaka mmoja mwili ni wa mtu mzima lakini akili bado ni ya utoto. Hukomaa akikaribia miaka miwili. Katika miezi hiyo ya kati anaweza kumkimbiza mwana-mbuzi kwa mchezo mpaka amuumize. Asiachwe peke yake na wadogo kabla hajatulia.

4. Hawapendi wageni. Watu huingia kwetu bila kubisha hodi getini: mwalimu, mzee wa mtaa, watoto wa shule. Azoeshwe wageni tangu udogo, na wageni wenye fujo wasiachwe naye.

5. Anakula. Mbwa wa kilo 50 huhitaji kama nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku au zaidi. Kwa mwezi ni kilo 15. Linganisha na unga wa ugali unaotumika nyumbani kwako, halafu uulize kama uko tayari. Ugali peke yake haumtoshi, hasa anapokua. Anahitaji kitu chenye nguvu kama dagaa, maziwa au nyama iliyopikwa.

Ukiona mambo haya matano ni mazito, hujashindwa. Umejiepusha na hasara. Kule Ulaya na Marekani pia watu huvutiwa na kale kadogo keupe kenye manyoya, na mwaka ukipita wanaanza kutafuta wa kumpa.

JINSI YA KUMTAFUTA MTOTO WA MBWA

Umeamua? Basi usikimbilie wa kwanza unayeonyeshwa. Fuata hatua hizi.

Kwanza, nenda mwenyewe. Usitume pesa kwa simu kwa sababu ya picha. Picha moja inaweza kutumiwa watu kumi. Ukiambiwa "tuma nusu, mbwa anakuja na matatu kesho," kataa.

Pili, mwone mama yake, na baba kama yupo. Je, mama anakubali mwenyewe aguse watoto wake? Anatetemeka? Anawarukia watu bila sababu? Tabia za wazazi huonekana kwa watoto.

Tatu, uliza wazazi wanafanya kazi gani. Usiulize "ni wa mbegu gani" peke yake. Uliza "wanalala wapi?" na "wanalinda nini?" Kama unataka mlinzi wa mbuzi, tafuta aliyezaliwa mahali pa mbuzi. Kama unataka wa nyumbani, tafuta aliyezaliwa karibu na watu, anayeshikwa na watoto kwa upole.

Nne, uliza umri. Asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Akiondolewa mapema hukosa kufundishwa na mama na ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza. Akizidi wiki 12, uliza amelelewa wapi.

Tano, angalia uzao wote, usimwangalie mmoja. Piga makofi kidogo. Yule anayejificha na kukataa kutoka ana woga. Yule anayerukia kila mtu na kuwakandamiza ndugu zake atakusumbua. Chukua wa katikati, anayeshtuka kidogo kisha anakuja kunusa mkono wako.

Sita, angalia afya. Macho safi, mkia bila uchafu wa kuhara, tumbo lisilovimba kama ngoma. Tumbo kubwa kwa mwili mkondefu ni minyoo. Kwa mbwa wa aina kubwa uliza pia kama wazazi wanatembea vizuri, kwani ubovu wa nyonga hurithiwa.

Saba, uliza karatasi. Kama muuzaji anadai bei ya juu kwa sababu ya ukoo, aonyeshe cheti. Nairobi kuna chama cha East Africa Kennel Club kinachoandikisha mbwa wa ukoo. Neno la mdomo si cheti.

SI LAZIMA AWE WA NG'AMBO

Hapa kwetu mbwa halisi wa aina hizi ni wachache na bei yao si ya mkulima mdogo. Je, asiye na pesa akae tu na fisi? Hapana.

Nchini Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji mbwa wa Kituruki ili duma na bweha wasile mifugo, na wafugaji nao wasiue duma. Mpango huo umefaulu, na unaendelea. Lakini jirani zao wa Botswana waliangalia mbwa wao wenyewe wa kienyeji, wale wembamba wa vijijini, wakawalea na mbuzi tangu utotoni. Wakaona nao wanalinda vizuri, tena wanakula kidogo na wamezoea jua na magonjwa ya huko.

Mfano mwingine uko Marekani. Wafugaji Wanavajo, wenyeji wa Arizona na New Mexico, hulinda kondoo kwa mbwa wa mchanganyiko, wasio na ukoo wowote. Mwaka 1985 watafiti wawili waliandika habari zao. Walichokiona ni kwamba mbwa hao huwekwa pamoja na kondoo wakiwa wadogo kabisa, na wanakua hapo hapo.

Na sisi tusiwasahau wazee wetu. Wafugaji wa kwetu, Wasamburu, Wamaasai, Waturkana, wamekaa na mbwa bomani miaka mingi. Mzee akikuambia, "Huyu jike ametuamsha mara nyingi chui akija," hiyo ni karatasi nzuri kuliko nyingi. Mwombe mtoto wake.

Lakini mbwa yeyote, wa ng'ambo au wa hapa, hachukui nafasi ya zizi imara na mchungaji wa mchana. Ni wa tatu katika ulinzi. Mbwa mmoja mbele ya fisi kumi katika zizi la matawi makavu atauawa bure.

CHANJO NA MINYOO: HAPA HAKUNA MCHEZO

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, ni kifo. Karibu kila mtu anayekipata ameumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mpango huo hauwezi kufaulu ikiwa wewe na mimi tunaficha mbwa wetu siku ya chanjo.

Mtoto wa mbwa achanjwe kichaa akifika miezi 3, halafu arudiwe kila mwaka. Tunza kadi. Kabla ya hapo, kuanzia wiki ya 6 hadi 8, kuna chanjo za magonjwa mengine ya mbwa, pamoja na parvo, ule wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Mwulize daktari wa mifugo wa karibu.

Mtu akiumwa, mara moja osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala mafuta. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako na kidonda ni kidogo. Ukiambiwa dawa hakuna, uliza iko wapi na uende.

Jambo la pili ni minyoo. Siku ya kuchinja tunamtupia mbwa mapafu na maini yenye vifuko vya maji. Tunaona tumemhurumia. Kumbe ndani ya vifuko hivyo kuna mbegu ya mnyoo mdogo sana. Mnyoo hukua tumboni mwa mbwa, mayai hutoka na choo chake, yanashika manyoya, na mtoto anayemkumbatia anayameza. Vifuko humea ndani ya mtu kwa miaka, katika ini au mapafu, mpaka afanyiwe upasuaji. Kule Turkana ugonjwa huu umetesa watu wengi, na katika miaka ya 1980 AMREF ilianza mpango wa kupambana nao huko. Kinga yake si ghali: zika au choma viungo vyenye vifuko, mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari anavyoelekeza, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika.

Hapa kikundi kina nguvu. Daktari kuja kwa mbwa mmoja ni gharama. Kuja kwa mbwa ishirini siku moja, mkichanga nauli yake pamoja, kila mtu anaweza.

NA YULE MAMA?

Yule mbwa mkubwa bado yupo. Amechanjwa na kujengewa ua wake, na watoto wa majirani wakija anafungiwa humo kabla hawajaingia. Anaulinda mlango wa jikoni, kazi aliyofundishwa, na mama amekubali hivyo.

Kwa ajili ya mbuzi, alikwenda kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto ambaye mbwa wake hulala zizini. Alipewa jike mdogo wa kienyeji wa wiki 8, kwa bei ya kuku wawili. Alimweka na mbuzi siku hiyo hiyo. Usiku wa kwanza alilia sana na watoto wakataka kumleta ndani. Mama akakataa, akaenda kukaa naye kule zizini mpaka aliponyamaza kando ya mbuzi mmoja mzee.

Fisi hawajahama, tunawasikia. Lakini tangu jike huyo akomae, mama amepoteza mbuzi mmoja tu, tena aliyesahauliwa nje ya zizi. Na jirani yake, yule ambaye mtoto wake aliumwa, ameomba apewe mtoto wa kwanza atakayezaliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kijijini tunafuga mbwa kwa kazi gani? Je, tunawalea kwa kazi hiyo, au tunawaacha tu?

2. Ni mbwa wangapi wa wanachama wetu wenye kadi ya chanjo? Ni nani atamwona daktari wa mifugo ili tupange siku moja?

3. Siku ya kuchinja, viungo vyenye vifuko vya maji tunavitupa wapi?

4. Mtoto akiumwa leo jioni, tunajua hospitali iliyo karibu yenye dawa? Nani ataulizia kabla ya mkutano ujao?